Historia ya Dada Yetu Herufi Kubwa, na Malaika Aliyesema "Hayupo"

Mchungaji, wazee, majirani, ninyi mliofanya kazi na marehemu, na ninyi mliosimama nje kwa sababu viti havikutosha, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla hatujaanza tunaomba jambo moja tu, kwamba mtusikilize mpaka mwisho. Tangu Jumatatu kumekuwa na minong'ono hapa uani, watu wakiulizana kwa sauti ya chini kama ni kweli huyu ndiye aliyeandika kwamba Mungu hayupo, na kama ndiye, anazikwaje kwa sala, na sisi wadogo zake tumepita katikati ya minong'ono hiyo na masinia ya chai mikononi, tukijifanya hatujasikia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na hili nalo lipo, aliandika, kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, ila kilichobaki ni kuwaeleza aliyeandikwa kuwa hayupo ni nani.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1964, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kituo cha mafuta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, mchora mabango, na mama yetu, mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye yupo nasi hapa mbele, kwenye kiti chenye mto. Mama anasema mtoto huyo alikuja na wasiwasi wake tangu tumboni, hakulia kama watoto wengine, alitazama kwanza huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, na kwa kweli hakuacha kutazama hivyo maisha yake yote. Akiwa na miaka mitano aliuliza, mtu akisinzia katikati ya sala, ile nusu iliyosemwa inafika au inarudi, na alipoambiwa inafika akauliza ni nani aliyeiona ikifika. Baba, ambaye hakuwa na wasiwasi wa kitu chochote isipokuwa mvua kwenye rangi mbichi, alikuwa akimtania kwa ule msemo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, akimwambia, "Kwako wewe, mwanangu, watu watacheka mpaka waumwe mbavu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 akamaliza 1977, akaendelea na sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, lakini shule iliyomuumba hasa ilikuwa ile ya Jumapili, kwenye benchi la mbele, chini ya jicho la mama yake mzazi. Wengi wenu mliopita mikononi mwa Mama mnakumbuka sheria yake moja isiyo na msamaha, kwamba neno "yeye" likiwa la mtu linaandikwa kwa y ndogo, likiwa la Mungu linaandikwa kwa Y kubwa, na mtoto akikosea daftari linarudi na alama nyekundu, "Umemshusha." Marehemu aliiogopa alama hiyo kuliko fimbo, na Mama amelihifadhi daftari lake moja ambalo Y zake ni kubwa mno, zimevuka mistari miwili juu na miwili chini, za mtoto anayetaka kuwa na uhakika.

Baada ya sekondari alisoma chuo cha uchapaji, akahitimu mwaka 1984, kisha akafanya kazi na Baba kwenye banda lake la mabango, na huko ndiko alikojifunza herufi kwa brashi. Mabango hayana herufi ndogo, Baba alisema herufi ndogo ni za barua, mtu yuko barabarani anapita na haraka zake, mwambie kwa sauti, HATARI, DUKA, USIEGESHE HAPA. Baba alikuwa na Y yake, yenye mkia uliopinda kushoto kidogo kama mtu anayegeuka kuona nani anamwita, na marehemu aliirithi Y hiyo kama wengine wanavyorithi pua. Akazoea kuandika kila kitu hivyo, hata karatasi ya kumtuma mtu dukani iliandikwa CHUMVI, KIBERITI, RUDI MAPEMA, unasoma unahisi umefokewa, na ndipo sisi wadogo zake tukampa jina la Herufi Kubwa, akalikubali, likamganda.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa na kampuni ya majarida ya katuni, ile iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na kwa wale msioijua kazi hiyo, mtunzi hutunga, mchoraji huchora, halafu anakuja mtu wa tatu ambaye hakuna anayemkumbuka, huyu ndiye anayeandika maneno ndani ya yale maduara yanayotoka vinywani mwa watu, ambayo wao huyaita viputo. Kwenye viputo pia hakuna herufi ndogo, kwa sababu mikia yake na vichwa vyake hula nafasi, yote ni makubwa, na siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajaonyeshwa kiti chake, marehemu alimuuliza mhariri mkuu, "Na neno yeye, likiwa la Mungu, tutalitofautishaje?" Mhariri mkuu, mtu wa mizaha, akamjibu, "Dada, humu ndani kila mtu ana herufi kubwa, mpaka mwizi wa kuku." Ofisi nzima ilicheka, yeye akatabasamu kwa adabu, akaenda nyumbani na swali lake, likawa linamkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1991, na mpiga chapa wa kampuni hiyo hiyo, shemeji yetu huyu mpole ambaye vidole vyake havijawahi kutakata wino, hata siku ya harusi, na alipomvisha pete viliacha alama nyeusi kwenye glavu ya bibi harusi. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1993 na mvulana mwaka 1996, na kama mjuavyo mwenye wasiwasi akipata mtoto wasiwasi nao hupata mapacha, akawa anamwekea mtoto aliyelala kioo puani kuona kama kinapata ukungu, shemeji naye anasema, "Mama watoto, anapumua, mpaka mimi huku namsikia."

Mwaka 1998 ndipo kazi ilipogeuka kuwa jambo zito. Kampuni ilikuwa na majarida matano, kila moja na shujaa wake, na kila shujaa akiishi kwenye mji wake kwa raha zake. Alikuwepo Jabali, mpakuzi wa mizigo anayenyanyua lori kwa mkono mmoja. Mama Umeme, mwanasayansi asiyekubali kitu kisichopimika. Mjumbe, malaika aliyetumwa duniani na ujumbe akausahau njiani. Mkuu wa Mlima, ambaye watu wa kale walimwabudu na mpaka leo anasubiri sadaka zake. Na mzee mmoja aliyeitwa Mara Tatu, anayekufa na kufufuka kila mauzo yakishuka. Wasomaji waliomba mashujaa wao wakutane, mhariri mkuu akakubali, kuta zikavunjwa, wote watano wakahamia mji mmoja, na kama mjuavyo, wapangaji wakiwa wengi kwenye nyumba moja, swali la kwanza ni mwenye nyumba nani.

Kila mmoja alipokuwa kwake hakukuwa na shida, lakini sasa kama Mjumbe ni malaika kweli, basi yupo aliyemtuma, na kama yupo, kwa nini basi la abiria likitumbukia mtoni anayekimbia kuokoa ni Jabali. Na kama Mkuu wa Mlima ni mungu, malaika akikutana naye barabarani anampigia magoti au anampiga ngumi. Na Mara Tatu akifa huwa anakwenda wapi, na mbona akirudi hasemi alichokiona. Na Mama Umeme, ambaye sasa ana malaika jirani yake, anayemwazima ngazi, ataendeleaje kusema mbinguni ni hewa tupu. Watunzi waligombana juu ya meza wiki nzima, na marehemu, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kuhakikisha mashujaa hawapingani, alikaa pembeni na kalamu yake akisikiliza.

Mtunzi wa Mkuu wa Mlima, mtu mchangamfu aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, akaja na jedwali la nguvu, nyota moja mpaka kumi, litakalochapwa kwenye jalada la nyuma ili ugomvi uishe. Jabali akapewa saba, Mama Umeme nane, Mkuu wa Mlima, kwa kuwa mtunzi ndiye aliyeshika chaki, akapewa kumi, na mstari wa mwisho ukaandikwa Mungu. Mhariri mkuu akasema apewe kumi, mwenye kofia akasema kumi imeshachukuliwa, mchoraji akasema basi apewe kumi na moja, wote wakamgeukia marehemu aandike. Hakuandika. Aliinua kalamu, wino ukadondoka kwenye mstari huo, akasema, "Mkimpa kumi na moja leo, mwakani mtatunga wa kumi na mbili," na alipoulizwa tufanyeje sasa, akasema, "Mtoeni kwenye jedwali. Mwenye nyumba hahesabiwi pamoja na wapangaji."

Wakamtoa, jambo likaisha, kwao. Kwake ndipo lilipoanza, kwa maana alifika nyumbani akashindwa kula, akamwambia mumewe, "Nimemtoa. Mimi ndiye niliyesema atolewe," na shemeji akamjibu, "Umemtoa kwenye jedwali, hukumtoa mbinguni, kula ugali usipoe," lakini hakula. Kuanzia hapo akawa mlinzi wa mambo ambayo hakuna aliyemwagiza kuyalinda. Katika mji ule Mungu hakuchorwa, hata mkono kutoka mawinguni hapana, hata mwanga. Hakupewa kiputo chenye maneno. Shujaa aliruhusiwa kusali lakini jibu halikuruhusiwa kushuka kama radi, kwani likishuka hivyo mashujaa wa nini. Mara Tatu akirudi alikatazwa kusimulia. Na Mkuu wa Mlima akaitwa Mkubwa, asiitwe mungu kamwe, kwa sababu kwenye viputo mungu wa mlimani na Mungu wa Mama wangeandikwa sawasawa, na yeye ndiye angekuwa amewaandika.

Baba yetu alifariki tarehe 22 Januari 2001, na banda la mabango likafungwa, na Y yake ikabaki duniani kwa mkono mmoja tu.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Katika toleo la Juni 2003 kulikuwa na hadithi ya bibi kizee aliyeangukiwa na nyumba. Kisanduku cha kwanza, yaani picha ya kwanza ukurasani, bibi anapiga kelele, JABALI YUKO WAPI? Cha pili amefumba macho, amechoka, anasema, EE MUNGU WANGU. Cha tatu anatokea Mjumbe, mabawa yamejaa vumbi, anamwambia, YEYE HAYUPO, NIMEKUJA MIMI. Mnaelewa wenyewe kwamba asiyekuwepo ni Jabali, ambaye siku hiyo alikuwa amefungwa minyororo kwenye pango. Lakini dakika za mwisho likaja tangazo la sabuni, likahitaji nafasi, mpanga kurasa akaondoa kisanduku cha kwanza, akabaki bibi anayemwita Mungu, na malaika wa Mungu anayemjibu, kwa herufi kubwa, kwamba Yeye hayupo.

Ukurasa ule ulirudi kwa marehemu aukague kabla ya kuchapwa, na aliukagua, akaupitisha, kwa sababu alikuwa ameuandika yeye mwenyewe na macho yake yakaendelea kukiona kisanduku kilichokwisha ondolewa. Mtu mwenye wasiwasi wa kila kitu, aliyekuwa akirudi kutoka kituo cha basi kuangalia kama amefunga mlango, siku hiyo alitulia. Shemeji aliuchapa kwa mikono yake.

Jumapili iliyofuata mtoto mmoja alinyoosha mkono darasani kwa Mama, akasema, "Mwalimu, malaika amesema Mungu hayupo," akatoa jarida mfukoni. Mama alilichukua ili akemee, akavaa miwani, na kabla hajasoma neno akaiona Y, yenye mkia uliopinda kushoto, Y ya mumewe aliyemzika, akajua ni mkono wa nani. Marehemu alikwenda nyumbani mchana huo huo, alimkuta Mama anakunja nguo, akaanza, "Mama, si Mungu aliyesemwa pale, ni," na Mama akanyoosha kiganja, akasema, "Nimeiona Y ya baba yako. Basi." "Mama, nisikilize kidogo." "Nimesema basi. Umekula?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho juu ya jambo hilo. Wiki iliyofuata Mama aliacha kufundisha shule ya Jumapili, akisema ni macho. Sisi wadogo tulijaribu kumweleza habari za sabuni na pango, akatuambia tunamtetea dada yetu, twende tukaanue nguo. Hakumfukuza, hakumnunia, alimuuliza habari za wajukuu na za mgongo wake na kama amekula, na hiyo ndiyo iliyomtesa zaidi marehemu, kwa maana mtu akikugombeza unajua uliposimama. Kila mwezi aliendelea kumletea Mama jarida, na kila mwezi Mama alisema ahsante akaliweka juu ya kabati bila kulifungua. Mama akiombea chakula marehemu alikuwa hafumbi macho sawasawa, alisikiliza kama jina lake litatajwa, na likitajwa, kama limetajwa kwa sauti ya kuombea wenye afya au kwa ile nyingine, ya kuombea waliopotea.

Kampuni nayo ilichapa sahihisho, na mhariri mkuu, kwa nia njema kabisa, akaandika kwamba malaika alimaanisha Jabali, na kwamba kwa taarifa ya wasomaji wote Mungu yupo katika mji huo, hapo ndipo akawa amemwaga petroli kwenye moto, maana wasomaji walikuja juu wakiuliza kama yupo mbona bibi aliangukiwa na nyumba, na ana nyota ngapi.

Kati ya waliopanda ngazi za ofisi wakati huo alikuwepo muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye leo yupo hapa na sare yake kwa kuwa anaingia zamu jioni, na yeye hakuja kugomba. Alieleza kwamba watoto wa wodini walikuwa na jarida moja wanalopokezana kitanda kwa kitanda, na tangu toleo lile hawaelewani, akasema, "Hawaulizi nani ana nguvu zaidi. Wanataka kujua, siku Jabali hayupo, na malaika hayupo, kwenye huo mji wenu kuna mtu? Niwajibu nini?" Marehemu akamwambia asubiri toleo lijalo, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi.

Aliwaomba watunzi hadithi moja isiyo na shujaa, wakambishia, akawaomba tena mpaka wakachoka. Ni hadithi ya mchimba kisima aliyefunikwa na udongo, ukurasa mzima mweusi, na katikati ya weusi huo kiputo kimoja cheupe ambacho mkia wake hauelekei kwenye kinywa cha mtu yeyote, unatoka nje ya ukurasa. Ndani ya kiputo hamna kitu. Kisanduku kinachofuata mchimba kisima ameinua kichwa, anasema, NDIYO, NIPO HAPA, na cha mwisho ni vidole vya jirani vinavyotokeza kwenye udongo, vina matope, kucha zimevunjika.

Shemeji alimpigia simu kutoka mtamboni, "Mama watoto, kuna kiputo huku hakina kitu. Umesahau?" Akasema hajasahau. "Kwa hiyo nikichape hivyo hivyo kilivyo?" Akasema, "Kichape," na wiki ile yote akawa anasema safari hii watu hawatasema amemkana, watasema amemziba mdomo.

Muuguzi alirudi na jarida la wodini, limechakaa. Kiputo kilikuwa kimeandikwa kwa penseli na kufutwa na kuandikwa tena, kila mtoto na neno lake, mmoja aliandika USIOGOPE, mwingine SUBIRI, mwingine jina la mama yake, na mtoto mmoja wa kike alikataa kuandika, akasema kimeshajaa. Marehemu alilishika jarida lile, akalia mbele ya watu, na tangu siku hiyo kiputo kitupu kikawa desturi ya mji ule wa mashujaa, kinatokea mara chache, na hakuna mtunzi aliyethubutu kukijaza. Watu walipomuuliza yeye mwenyewe angeandika nini humo, alijibu, "Ningejua ningeandika," na hilo hakulisema kwa mzaha. Alikuwa akisali kila siku, sisi tuliolala naye chumba kimoja utotoni tunajua, alisali kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye taa inayowaka, asijue kama amesikika.

Mnamo Februari 2023 sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni mafua, vipimo vikaonyesha saratani ya koo. Alifanyiwa upasuaji tarehe 6 Machi 2024, akabaki na uhai lakini sauti ikaenda, akapewa kibao cheupe na kalamu, na wafanyakazi wenzake walipomtembelea walitaniana naye kwamba sasa yeye mwenyewe amekuwa kiputo, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Mwezi Septemba ugonjwa ulirudi kwa nguvu, akalazwa tena, na jambo aliloliandika kwenye kibao kuliko yote halikuwa MAJI wala NAUMIA, liliandikwa hivi, MAMA ANAKUJA? Na akishajibiwa kwamba anakuja, aliandika, AMESEMAJE?

Mama alikuja Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, ameshikwa mkono huku na huku, macho yake sasa kweli yamepungua, akakalishwa kwenye kiti karibu na kitanda. Yule yule muuguzi, ambaye siku hizi ni msimamizi wa wodi ya wakubwa alikolazwa marehemu, alisimama katikati yao ili amsomee Mama kibao. Kisha marehemu akaandika, muuguzi akasoma, "Anasema, naogopa." Mama akasema, "Hata mimi naogopa, mwanangu. Kuogopa si kukana."

Halafu Mama akasogeza kiti, akamshika mkono ule wa kuandikia, akauliza lile ambalo hakuwahi kuliuliza. "Yule malaika wako. Nani hayupo?"

Marehemu aliandika kwa haraka mpaka kalamu ikapiga kelele, na muuguzi akasoma, "Jabali."

"Jabali nani?"

"Mpakuzi wa mizigo," muuguzi alisoma. "Alikuwa amefungwa pangoni."

Mama akasema, "Mpakuzi wa mizigo. Miaka yote hii, mpakuzi wa mizigo?" Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, kisha kicheko kikageuka, akasema, "Wadogo zako waliniambia, sikuwaamini. Nilitaka nisikie kwako, na niliogopa kukuuliza, nikasema nikiuliza akaniambia ndiyo, Mama, hayupo, mimi nitafanya nini? Nitakufundisha tena kwa kitabu gani? Hata wale watoto nikashindwa kuwakabili." Basi mjue, ndugu waombolezaji, kwamba juu ya kabati lile hapakuwa na hasira hata kidogo, palikuwa na woga wa watu wawili, mmoja anaogopa kueleza na mwingine anaogopa kuelezwa.

Marehemu alifuta kibao kwa kiganja, akaanza kuandika tena, polepole, na sisi tuliokuwa mlangoni tukashangaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu banda la Baba alikuwa anaandika herufi ndogo. Zilikuwa mbaya, zimepinda, za mtoto wa darasa la kwanza. Muuguzi alitaka kusoma, Mama akamzuia, akakichukua kibao mwenyewe, akakisogeza mpaka kikagusa pua yake, akafuata maandishi kwa kidole. Palikuwa na maneno mawili tu, Yeye yupo. Kidole cha Mama kilikaa kwenye herufi ya kwanza, kikashuka na mkia wake mpaka ulipopinda kushoto. Akasema, "Y kubwa. Vema," akaomba kalamu, akaweka alama ya vema pembeni, kama daftarini.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2024, asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa pembeni. Hatutawadanganya kwamba aliondoka bila hofu, alikuwa na hofu, alimshika shemeji kidole mpaka kikafa ganzi, lakini kibao alikuwa amekataa kisifutwe, na kwa siku zile za mwisho, akitaka maji, alionyesha kwa mkono.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari waliompasua na kumhudumia bila kutuficha ukweli, kwa muuguzi wetu, ambaye hatuna la kumlipa, kwa majirani mlioleta viti, maturubai na sufuria kabla hatujaomba, kwa wafanyakazi wenzake wa kampuni, mhariri mkuu mstaafu akiwemo, na kwako mchungaji, uliyekuja Jumatatu jioni na swali lako kwa upole, ukajibiwa na Mama, ukafunga kitabu ukasema sala zitasomwa zote. Na yeyote atakayefika nyumbani siku za usoni akabisha hodi akimuulizia Herufi Kubwa, asishangae tukimjibu kwamba hayupo, hiyo ni kwa herufi ndogo, ni kuhusu dada yetu tu.

Dada, pumzika kwa amani, pale alipo Yeye. Na kwa kuwa ninyi mnasikia tu, hamuoni karatasi hii, Mama ametuagiza tuwaambie, hiyo ni Y kubwa.